Ukikuta sanduku la karatasi za zamani za utafiti wa homa ya manjano, usirudie makosa yangu

Mwaka juzi wakati wa mvua, jirani yetu mmoja huku upande wa Kajulu, Kisumu, jaduong' (yaani mzee) wa miaka 80 na kitu, alinipigia simu asubuhi mapema akaniambia, "Nyathina (mtoto wangu), kuja uone hii sanduku ya baba, mchwa wameingia, kama ni uchafu tu nichome leo." Nikaenda mbio, chai nikaiacha mezani. Ni lile sanduku la bati la zamani, la kupelekea watoto bodingi, limewekwa chini kwenye udongo kwenye kona ya stoo ya mahindi. Ndani kulikuwa na karatasi zimefungwa kwa kamba ya katani mafungu mafungu, daftari tatu za jalada gumu, bahasha ya picha, na kopo bapa la sigara, nikafungua nikakuta mbu waliokauka wamedungwa kwenye kipande cha koki, kila mmoja na kikaratasi kidogo chini yake kama ukucha. Babake alifanya kazi ya kukamata mbu kwa watafiti miaka ile ya vita vya pili, baadaye akawa dresa, msaidizi wa kufunga vidonda hospitalini. Daftari moja ilikuwa safu tu mwanzo mpaka mwisho: saa, nyumba, idadi, saa, nyumba, idadi. Jaduong' akasema hiyo haina maana, picha ndo tuweke.

Naandika haya manake nimeulizwa na watu watatu wanne tangu hapo wafanye nini na masanduku kama hilo, na pia manake mimi mwenyewe niliharibu barua moja ya hilo sanduku, nitawaambia mbele.

Kuna mtu atauliza homa ya manjano na sisi wa Kisumu wapi na wapi. Ni kweli mlipuko mkubwa wa hapa kwetu Kenya ni ule wa Kerio Valley 1992 hadi 1993, halafu juzi juzi 2022 Isiolo. Lakini utafiti ulitupitia kitambo sana. 1936 Rockefeller Foundation ya Marekani ilifungua taasisi ya kuchunguza homa ya manjano pale Entebbe, yaani ng'ambo ya ziwa tu, ndo hiyo 1950 ikageuka East African Virus Research Institute na leo inaitwa Uganda Virus Research Institute. Miaka hiyo ya thelathini watu wengi wa Afrika mashariki walitolewa damu ili ijulikane kama ugonjwa uliwahi kupita kimya kimya, damu inachanganywa na virusi inadungwa panya, panya akipona basi mwenye damu alishawahi kuambukizwa. Na ndege za majini za Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, zilikuwa zinatua hapa kwetu ziwani, wakubwa wakawa na hofu mbu mmoja mgonjwa apande ndege huko aliko ashukie mahali ambapo watu hawana kinga, India ndo iliwanyima usingizi kabisa. Halafu kuna Alexander Haddow, Mskoti mtaalamu wa wadudu aliyekuja kuwa jina kubwa Entebbe, huyo alifanya kazi Kisumu kwanza, na 1942 alichapisha makala ndefu juu ya mbu na hali ya hewa ndani ya nyumba za wenyeji wa hapa hapa Kisumu. Karatasi zake mwenyewe ziko Glasgow, zimetunzwa vizuri. Swali ni za wale waliokuwa wanashika mbu ziko wapi, na jibu ni kwamba ziko kwenye masanduku ya bati Kajulu, Siaya, Busia, Kakamega, na hata Nakuru kwa wale waliostaafu wakanunua shamba huko. Dresa, karani, dereva, inspekta wa afya, hao ndo walirudi nyumbani na makaratasi.

Sasa tuingie kazini.

Ukifungua sanduku mara ya kwanza weka mikono nyuma. Najua hamu. Chukua simu, piga picha sanduku likiwa limefungwa, likiwa wazi, halafu kila tabaka kabla hujaliinua, kama vile polisi wa kwenye ajali anavyopiga picha kabla gari halijavutwa. Na usipange. Hii narudia manake kila mtu anakosea hapa, anafika anaanza kuweka barua na barua, risiti na risiti, picha na picha, anajiona amesaidia kumbe amebomoa. Karatasi zilizofungwa pamoja kwa kamba moja zilifungwa na mtu aliyekuwa na sababu. Kwa hilo sanduku la jirani, fungu moja lilikuwa na risiti ya baiskeli, barua ya kuitwa kazini na ukurasa wa hesabu za mbu. Peke yake kila kimoja ni takataka, pamoja unaona kwamba mzee alipewa baiskeli azungukie nyumba usiku, na hesabu zile ni za mzunguko gani. Ningeipeleka risiti kwa risiti zingine hiyo hadithi ingeisha hapo.

Kwa hivo kila fungu lipe namba kadri linavyotoka, la juu kabisa ni 1, uliandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi nyeupe ukiweke ndani ya hilo fungu. Penseli tu, na usiiandike kwenye karatasi yenyewe. Biro ikipata maji inasambaa, na biro huwezi kuirudisha.

Ile daftari ya saa, nyumba, idadi nataka niiongelee kidogo, manake ndo kitu watu wanatupa. Haddow na wenzake ndo walioleta ule mtindo wa kukamata mbu saa 24 mfululizo, watu wanakaa zamu zamu, wengine juu ya miti kwenye majukwaa, mguu wazi, mbu akitua ananaswa kabla hajauma, kama mkamataji ana bahati, na kila saa inaandikwa. Hapo ndo ilijulikana mbu gani anauma saa ngapi na urefu gani kutoka ardhini, na kule Bwamba magharibi mwa Uganda wakapata picha nzima: kuna mbu wa juu mitini anayezungusha virusi kati ya nyani na nyani, na mwingine anayekaa migombani, kwenye maji yanayotuama kwenye makutano ya majani na shina, huyo ndo anamletea binadamu. Hiyo elimu yote ilijengwa kwa daftari za saa, nyumba, idadi. Majina ya waliokaa juu ya miti kwenye makala kubwa utayatafuta mpaka uchoke. Kwenye daftari za kazi yapo, tena mara nyingine kwa mwandiko wao wenyewe.

Mfano mwingine, 1947 Entebbe walikuwa wameweka nyani kwenye vizimba juu ya miti ya msitu wa Zika wakitafuta homa ya manjano. Nyani namba 766 akapanda joto. Wakachukua damu, na kumbe ni virusi vingine kabisa, ndo hivo vya Zika dunia nzima ilivyokuja kuviogopa miaka karibu 70 baadaye. Vilionekana kwa sababu kuna mtu alikuwa anapima joto la nyani kila siku na kuandika, hata siku hakuna kitu. Sasa wewe ukikuta karatasi ya joto la nyani kwa sanduku la babu, usiseme haina maana.

Na kama unaona nakuza mambo, hebu angalia yaliyotokea Cuba. Daktari Carlos Finlay alisema tangu 1881 ni mbu anayeleta homa ya manjano, watu wakamcheka miaka karibu 20, mpaka kamisheni ya jeshi la Marekani chini ya Walter Reed ilipokuja kuthibitisha 1900. Mmoja wao, Jesse Lazear, alikufa kwa homa hiyo hiyo Septemba 25, 1900. Alikuwa na daftari ndogo ya mfukoni aliyoandikia majaribio yake ya mbu, Reed akaitumia kuandika ripoti, Reed naye akafa 1902, daftari ikapotea. Mpaka leo wanahistoria wanabishana kama Lazear alijiumisha mbu makusudi au ilikuwa ajali. Daftari moja tu! Upande mwingine, kuna daktari anaitwa Philip Hench, alishinda Nobel 1950 kwa mambo ya kotisoni, dawa ya viungo na baridi yabisi, hana kazi na mbu, lakini kwa miaka mingi alikuwa anawaandikia wazee waliobaki wa ile kamisheni na wajane wao akiomba barua, picha, chochote. Alipokufa 1965 mkewe akatoa vyote Chuo Kikuu cha Virginia. Humo kuna makaratasi ya mkataba ambayo wahamiaji wa Kihispania walisaini kukubali kujaribiwa, dola 100 za dhahabu, na 100 nyingine ukiugua. Leo ukisoma historia ya kumwomba mtu idhini kabla ya kumfanyia utafiti utakutana na hizo karatasi. Kwa macho ya mtu wa stoo hizo ni vocha za malipo tu.

Haya turudi kwa sanduku letu.

Tafuta meza, tandika shuka safi nyeupe, osha mikono kwa sabuni ukaushe kabisa. Glovu za kitambaa zile unaona kwenye filamu achana nazo kwa karatasi, zinakufanya mzito unararua kona, mikono safi mikavu inatosha. Picha ndo utavaa glovu za hospitali, manake mafuta ya kidole yanabaki kwenye picha mpaka yanakula sura ya mtu. Chai mbali. Soda mbali. Mtoto mbali zaidi.

Vumbi litoe kwa brashi laini, ya rangi ya inchi mbili ile ya nywele laini, mpya, unapiga polepole kutoka katikati kwenda nje. Hakuna maji, hakuna kitambaa chenye unyevu. Ukiona ukungu, yale madoa meusi au ya kijani yenye manyoya, toka nje kwenye hewa, vaa barakoa nzuri ile ya N95, kama una pumu mwachie mwingine, na kama ukungu bado ni mbichi unapakaa usiupige brashi kwanza, weka karatasi mahali pakavu penye upepo lakini si juani mpaka ukauke, ndo upige. Jua la Kisumu litakausha kweli, na litakuachia karatasi imekuwa kama chipsi na wino umepauka.

Pini, stepla na klipu za chuma zitoe, lakini taratibu. Hapa hewa ya ziwa imeshazigeuza kutu na ukivuta inatoka na kipande cha karatasi. Telezesha kipande cha plastiki chembamba chini ya pini, kunja miguu ya stepla kwa kisu butu upande wa nyuma, kisha inua. Zile karatasi zilizoshikwa pamoja zibaki pamoja, zikunjie karatasi nyeupe safi kama bahasha. Raba bendi za zamani zimekuwa kama gundi, usizikwangue kwa nguvu, toa zile zinazotoka zenyewe.

Sasa ile aibu yangu. Kulikuwa na barua moja nzuri, imepigwa taipu, ya kumsifu mzee kwa kazi, imechanika katikati kwenye mkunjo. Nikaona nimfurahishe jaduong', nikaenda saiba moja mjini (duka la kompyuta na fotokopi) nikailaminate, yaani nikaifunika kwa plastiki ya moto, shilingi chache tu, ikatoka inang'aa, jaduong' akacheka akaitundika ukutani. Baada ya miezi sita ilikuwa imegeuka rangi ya chai na ile taipu inazidi kupotea, na haitoki tena, joto la ile mashine limeshaunganisha plastiki na karatasi. Nilimwambia ukweli. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Si uliniambia wewe ndo unajua?" Basi. Laminesheni hapana, selotepu hapana, gundi hapana, hata kama imechanika vipande vinne. Vipande vinne viweke ndani ya karatasi moja iliyokunjwa na vitakaa hivo miaka 100 bila kulalamika.

Karatasi ya kukunjia, ukipata isiyo na asidi vizuri, wauzaji wa vifaa vya sanaa na mafremu wa Nairobi wanaweza kukuagizia. Usipopata, karatasi nyeupe nzuri ya fotokopi ni afadhali mara kumi kuliko gazeti au bahasha ya kahawia, hizo zina asidi inahamia kwenye karatasi yako. Mifuko ya plastiki ya duka pia hapana, inafungia unyevu ndani.

Mchwa na mende. Hapa nina maneno. Watu wanamwaga dawa ya unga juu ya karatasi, au wanajaza nafthalini mpaka sanduku linanuka kama kabati la shangazi, mimi naona hiyo inaumiza anayesoma kuliko mdudu. Kinachofanya kazi ni baridi. Tia fungu kwenye mfuko wa plastiki mzito, kamua hewa, funga kwa tepu nje ya mfuko, weka kwenye friza. Friza ya nyumbani ikiwa nzuri inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri, acha wiki mbili. Ukitoa usifungue! Uache mfuko umefungwa siku nzima mpaka urudi joto la nyumba, ukifungua mapema unyevu unatua kwenye karatasi kama chupa ya soda baridi. Sisi tulitumia friza ya mwenye butcheri mmoja jirani wiki ambayo alikuwa hana mzigo mkubwa, tukaahidi nyama itakaa peke yake na mbu watakaa peke yao, alicheka sana. Picha na vioo usiviweke kwenye friza hivo hivo. Kisha, mchwa wa ardhini huwezi kumuua kwa friza, unamhamisha: inua sanduku juu ya matofali au stendi ya chuma, mbali na ukuta kama kiganja kimoja, ili ukiona ule mstari wa udongo unapanda uuone mapema.

Joto la Kisumu hutaliweza bila umeme mwingi, usijisumbue na namba za wazungu za nyuzi 18 au 20. Pigania unyevu. Ukungu unaanza kupata nguvu unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi, kipima unyevu kidogo cha betri unapata madukani ya elektroniki, kiweke ndani ya chumba. Chumba cha ndani, kisichoshikana na ukuta wa bafu, kisicho chini ya mabati yanayovuja, na kisiwe jikoni. Nakuru huko juu mna bahati ya baridi, lakini vumbi lenu ni janga, funikeni.

Na kama maji yameshaingia? Una kama saa 48 kabla ukungu haujaanza. Zisizoshikana zitandaze moja moja juu ya kitambaa kikavu ndani ya nyumba, feni ielekee juu isizipige moja kwa moja. Daftari isimamishe wima imefunguka kidogo kama feni ya mkono, weka tishu nyeupe kila baada ya kurasa chache na uzibadilishe zikilowa. Kurasa zilizoshikana usizing'oe. Kama ni nyingi kuliko mikono, zifunge kwenye mfuko zipeleke friza, baridi inasimamisha saa, utazikausha kidogo kidogo wiki zijazo.

Vitu visivyo karatasi vinahitaji akili kidogo. Slaidi za kioo zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine. Negativu zikinuka siki, filamu imeanza kuoza, zitenge na zingine zipate hewa. Filamu ya zamani zaidi, kabla ya miaka ya hamsini, ikiwa imegeuka kahawia inanata na inanuka vibaya, hiyo inaweza kuwa ya naitreti na inawaka moto kama petroli, itoe nje ya nyumba mahali pa baridi, usiwashe kiberiti karibu, na mwite mtaalamu. Mbu waliodungwa waache kwenye kopo lao pamoja na vile vikaratasi, mbu bila kikaratasi chake ni mdudu tu wa kufagia. Na ukikuta chupa ndogo, mirija iliyozibwa, kitu kilichokauka ndani, usifungue, usinuse, usimwage chooni, funga chumba mpigie afisa wa afya wa kaunti au watu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kisian. Miaka ile damu na vipande vya ini vilisafirishwa sana, na wewe hujui hiyo chupa ilikuwa na nini.

Ukimaliza usafi ndo unaandika orodha. Isiwe ya kujionyesha. Fungu namba ngapi, lina karatasi ngapi, tarehe ya zamani kabisa na ya mwisho, ni nini kwa maneno ya kawaida, hali yake, na lilitoka tabaka gani. Unaandika ulichokiona, si unachodhani. Mimi niliandika "ripoti ya homa ya manjano" kwa fungu ambalo kumbe lilikuwa la malaria, ilibidi nifute. Karatasi nyingi za miaka ile zimechanganya kazi zote mbili, mkamata mbu alikuwa anakamata mbu tu, hamuulizi ana ugonjwa gani.

Kisha picha za simu. Karibu na dirisha asubuhi, bila flashi, simu uishike juu ya karatasi, sambamba nayo, weka rula pembeni ili ukubwa uonekane, piga upande wa mbele na wa nyuma hata kama nyuma ni tupu, na bahasha pia. Ukiwa na skana weka nukta 300 kwa inchi, 400 kama maandishi ni madogo, nakala kuu hifadhi kama TIFF, ya kutumia iwe JPEG. Ule mtindo wa kuacha jina la faili kama simu ilivyolitoa utakulilia mwaka mmoja baadaye. Mimi naandika namba ya fungu, namba ya karatasi, mbele au nyuma, bila nafasi katikati: fungu03_012_nyuma. Halafu nakala tatu, mbili kwenye vyombo tofauti na moja nje ya hiyo nyumba kabisa, kwa mfano hard disk moja kwa familia, moja kwa mjukuu Nairobi, nyingine mtandaoni. WhatsApp si hifadhi, inaminya picha mpaka herufi zinakuwa ukungu.

Wakati unafanya haya rekodi wazee. Weka picha mezani, washa sauti, uliza huyu ni nani, nyumba hii ilikuwa wapi, hiki chombo kilikuwa cha nini. Jaduong' hakuwa na jibu la tarehe hata moja lakini alikumbuka babake akirudi alfajiri miguu imevimba kwa kuumwa, na mama akimpaka mafuta ya samli. Hayo hayako kwenye makala ya mtu yeyote. Rekodi kwa lugha anayoota nayo, Dholuo, Luhya, Kalenjin, kutafsiri ni baadaye.

Majina ya wagonjwa hayo ni habari nyingine. Ukikuta orodha ya watu waliotolewa damu au waliougua, piga picha, tunza, lakini usiipandishe mtandaoni, wajukuu wao wako sokoni Kibuye saa hii. Ila usifute jina kwenye karatasi yenyewe. 1927 huko Ghana, wakati huo Gold Coast, watafiti walimtoa damu mgonjwa mmoja jina lake Asibi, akapona, na virusi vya damu yake ndo mtafiti Max Theiler na wenzake walivipunguza makali mpaka 1937 ikatoka chanjo ya 17D, hiyo hiyo tunayodungwa ili tupate kadi ya njano ya kusafiria. Adrian Stokes aliyekuwa kwenye utafiti huo alikufa kwa homa ya manjano mwaka huo huo. Jina la Asibi limebaki kwa sababu mtu hakuona aibu kuliandika.

Hata namba za batchi, yaani za mkupuo wa chanjo zilizotengenezwa pamoja, zisikuchoshe. 1942 wanajeshi wa Marekani maelfu kwa maelfu waligeuka macho manjano baada ya kuchanjwa, na haikuwa homa ya manjano, ilikuwa hepataitisi, ugonjwa wa ini, iliyoingia kupitia majimaji ya damu ya binadamu yaliyotumika kutengeneza chanjo. Walijua ni chanjo zipi kwa kufuata namba za batchi kwenye rekodi za kuchanjia. Kwa hivo ukiona kadi ya zamani ya chanjo yenye namba ndefu isiyoeleweka, hiyo namba ndo kitu.

Mwisho wa kazi unaamua ziende wapi. Kama karatasi zina muhuri wa serikali huenda ni mali ya umma hata kama zimelala kwenu miaka 70, na sheria yetu ya hifadhi za taifa, sura ya 19, hairuhusu mtu kuharibu rekodi za umma kienyeji. Usiogope lakini, ukienda Kenya National Archives ukasema umezikuta hakuna atakayekufunga. Si lazima ufike Nairobi, wana vituo Kisumu, Kakamega na Nakuru. Za familia, barua na picha, mnaweza kubaki nazo mkawapa nakala, au mkatoa kwa makubaliano. Yaandikwe: nani ametoa, nini kimetolewa kwa namba za orodha yako, nani anaruhusiwa kusoma, familia itapata nakala gani. Pande zote mbili zisaini na msiondoke bila nakala yenu, kuna mahali niliwahi kupeleka daftari ya mtu kwa neno la mdomo tu na nilipouliza mwaka uliofuata kila mtu alikuwa mgeni ofisini.

Jaduong' alikubali daftari na mbu waende, picha zibaki. Ile barua niliyoilaminate alikataa kuitoa, bado iko ukutani, kila nikienda naikuta imepauka kidogo zaidi. Sanduku lenyewe liko juu ya matofali manne, na mvua zikianza Machi huwa napita kuangalia kama mstari wa udongo umepanda.